Mawe ya Nugzari

Mjomba Nugzari alipiga picha za harusi Kutaisi
miaka thelathini na mmoja, na mimi, Lamara,
kazi yangu ilikuwa moja tu: mawe.
Si kamera, si bibi harusi na pindo la gauni lake.
Mawe ya mwako, manne manne,
ndani ya kopo la peremende.

Nilidhani jiwe ni jiwe.
Sokoni, ng'ambo ya mto Rioni, Vazha muuza nyaya
alinipa yaliyoandikwa elfu tatu kwa wino wa dhahabu,
mepesi kama maganda ya karanga,
kwa bei ya kuchekesha.
Nikacheka. Nikanunua manane.

Jumamosi ile, kizingitini pa ukumbi,
bwana harusi aliwekewa sahani chini ya kiatu.
Kwetu sahani huvunjwa mara moja.
Nugzari akainua kamera.
Kishindo. Vigae vikaruka. Makofi.
Mwako ukalia kama mbu aliyechoka,
ukatoa mwanga wa kiberiti kilicholowa.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.
Alifungua kifuniko, akanimwagia mawe kiganjani:
matatu vuguvugu, moja la moto.
"Huyu," akasema, "alikwisha mapema.
Wenzake hawakujua. Waliendelea kumsukuma,
na aliyekwisha akisukumwa
chanya yake hugeuka hasi,
akawa mzigo kwa waliombeba."

Usiku nikakaa na chaja ya vyumba vinne,
kila chumba na kioo chake.
Hulijaza jiwe, hulimwaga, hulijaza tena,
kisha hutoa ushahidi kwa tarakimu.
Elfu tatu ya dhahabu: mia tisa na arobaini.
Nduguye: elfu moja na sitini.
Debe tupu, ila limeandikwa vizuri.

Na yale meupe, ya elfu moja mia tisa,
yaliyolala chini ya kopo katika vumbi la sukari
tangu mwaka juzi?
Elfu moja mia nane themanini na mbili.
Nililitazama lile kwa aibu,
kama mtu niliyempita njiani bila salamu.

Nugzari hakuamini kioo. Yeye aliligonga jiwe mezani,
akatega sikio, kama anayenunua tikiti maji.
Nikamwacha agonge.
Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika
A, A, A, A. B, B, B, B.
Walionunuliwa siku moja wafanye kazi pamoja,
wachoke pamoja, walale pamoja.

Wa elfu mbili na mia tano ni wa harusi ya kesho:
huwalisha Ijumaa usiku, polepole, saa sita hivi,
maana wakiharakishwa hupata homa.
Lakini usiwaweke kabatini hadi mavuno ya zabibu.
Tumbo lao ni kubwa, na linavuja.
Wa kusubiri ni wale wadogo;
wasahau msimu mzima, uwafungue,
utakuta akiba yao karibu yote ipo.

Kundi la C wamebaki watatu.
Wa nne alidondoka mtoni siku ya ubatizo,
akazama bila kuaga. Nilitaka kuwatupa,
mpaka nikakumbuka tochi ya kichwani ya Nugzari:
hula matatu.

Na lile la mia tisa na arobaini
limo ndani ya saa ya jikoni. Saa haiombi makuu.
Kila miezi mitatu hulitoa, hulichaji, hulirudisha,
na mjomba huuliza bila kugeuka,
"Bado yupo?"
"Bado."

Ile picha tuliisafisha, kwa hofu, tukaipeleka:
giza, na kigae kimoja cheupe hewani,
hakijafika chini.
Tsisana ameitundika sebuleni.
Zile mia nne zilizong'aa, anasema,
ziko mahali fulani kwenye sanduku.