Kipande cha Siku ya Tisa

Kutaisi, saa nane za usiku. Mvua juu ya bati la maabara,
mimi na hadubini, na chai niliyoisahau ikapoa.
Kipande hiki ni chembamba kuliko ngozi ya kitunguu:
nyama ya figo ya Tsiala,
iliyochomolewa kwa sindano tumboni mwa Nugzari, kaka yake.
Siku ya tisa. Mkojo umepungua.
Wodini wanataka neno moja: amekataa, au hajakataa?

Amekataa. Kana kwamba ni mtu mmoja.

Nugzari hajakataa kitu. Miaka kumi na mmoja
hakusema na dada yake, kisa safu nne za mizabibu
alizoacha baba yao karibu na mto Rioni;
na siku dada alipokuja na karatasi za vipimo mkononi
alilia mpaka mashine ya kuchuja damu ikapiga kelele.
Amekubali. Ameomba radhi. Ametia sahihi.
Ila damu haisomi sahihi.

Na walioanza kutoa habari si walinzi wake.
Ndani ya figo walikuja wapelelezi wa Tsiala mwenyewe,
seli zenye matawi, zisizojua kwamba zimehama nyumba.
Zilinusa jeraha, zikafanya zilichozoea:
zikatoka mbio hadi kwenye tezi,
zimevaa chapa ya kwao,
zikasimama mbele ya wenyeji zikasema, "Kuna hatari!"
Wenyeji wakazitazama.
Hatari ni ninyi.

Tangu hapo, kazi ya wengi.
Yuko msaidizi: haui, hamezi, hana hata silaha.
Ana sauti tu. Huyu asiponena
muuaji hukaa, meno ndani ya kinywa,
akimkodolea mgeni macho kama mtu aliyekatazwa.
Akinena, muuaji hujigawa, na waliogawanyika hujigawa,
na mfua mishale aliyelala kwenye tezi
huamka, hupima, hukosea, hupima tena,
mpaka kingamwili moja ikae juu ya chapa ya Tsiala
kama kifungo kwenye tundu lake.
Mlafi mkubwa hufuata nyuma, humeza mabaki,
kisha huinua juu vipande vya alichokimeza:
tazameni, tazameni.
Nao huzidi kuja.

Hakuna jemadari. Nimemtafuta miaka ishirini na mitatu.
Kila mmoja anamngoja mwenzake aseme,
na husema kwa kuwa amesikia.
Umoja ni nguvu, walinena wahenga;
nguvu ya kufanya nini, hawakusema.

Basi: waridi, na juu ya waridi, zambarau.
Nukta za zambarau zimebanana kwenye ukuta wa mfereji,
baadhi zimeshapenya. Nahesabu kwa ncha ya kalamu.
Nne. Sita. Nane. Mishipa bado salama.
Naandika: kukataliwa kwa seli, daraja la kwanza.
Naandika: inatibika.
Napiga simu wodini.

Ukumbini, Tsiala ameketi kwa ubavu mmoja
akimenya peasi kwa kisu kidogo.
"Figo yangu ndiyo mbaya?"
"Si mbaya."
"Basi bado ana hasira."
Namwambia damu haina habari ya mizabibu.
Haamini. Ananikatia kipande.

Wako wengine ambao sikumtajia: wasuluhishi,
wanaoingia katikati ya ghasia wakisema yatosha, rudini.
Kwa rangi zangu hizi siwatambui;
nao ni nukta za zambarau kama wote.
Huenda katika zile nane
mmoja alikuwa amepenya ili awashike wenzake mikono.
Nami nikamhesabu na wauaji.

Mlango wa pili, dripu ya kwanza imeanza kudondoka.
Peasi haijaiva, inakaza ulimi.
Nakula yote.