Haya, Basi

Adam, mwisho wa Aprili, saa moja na nusu asubuhi,
na tayari changarawe inauma kupitia kandambili.
Juzi kulipoa kidogo. Hapo ndipo tulipoponzeka.

Lamha alikimbia nyuma ya pikapu ya Musallam
kilomita ya tatu, ya nne,
kichwa chini, mbavu zikihesabika,
na mimi nyuma ya gari, ngozi ya paa kwenye kamba,
nikimwita kwa Kiswahili cha bibi yangu wa Wete:
Haya! Haya mama! Haya!

Mbwa mwingine angelala kivulini akakutazama kama mjinga.
Huyu hapana. Saluki damu yake imechaguliwa, uzazi kwa uzazi,
isijue kuchoka.
Au ijue, isiseme.

Nilimwona. Nakiri nilimwona mapema.
Ulimi ulishapanuka nchani kama mwiko,
ufizi rangi ya tofali,
na njia ilipopinda, yeye hakupinda.
Nikasema moyoni: mpaka mghafu ule.
Kila anayeua kwa bahati mbaya
ana mghafu wake.

Ilianza miguu ya nyuma,
ikapishana kama ya ndama wa leo.
Akakaa, mithili ya mtu aliyekumbuka jambo.
Akalala ubavu.
Nikamwita jina. Sikio halikugeuka.
Macho wazi, yananitazama, hayanioni.

Musallam anapiga kelele za barafu, barafu iko wapi,
na kwenye simu daktari Ibtihal, sauti yake ya Omdurman haipandi:
Maji yoyote mliyonayo. Sasa. Mengi.
Msimfunike taulo. Mpepeeni.
Msimmiminie kinywani, yatamwingia mapafuni.
Mpozeni kwanza, halafu mleteni.

Pipa la ngamia lilikuwa nusu.
Tukamwagia tumbo, mapaja, shingo,
nikavua dishdasha nikampepea nayo, nimebaki na kikoi
katikati ya jangwa, mbele ya tajiri wangu,
na tajiri wangu amepiga magoti kwenye tope,
saa yake ya dhahabu imezama kwenye manyoya.
Mate mazito kama uji wa muhogo
yakanijaa viganjani.

Arobaini na mbili na nukta saba.
Arobaini na moja.
Thelathini na tisa na nusu: Acheni maji, akasema Ibtihal,
sasa anaweza kupoa kupita kiasi.
Akainua kichwa. Akanilamba kidole gumba.
Musallam akacheka, akalia, akacheka.

Mara saba, bibi alinifundisha, na moja kwa udongo.
Pipa lilikuwa tupu.
Nikajisugua kwa mchanga, ungali wa moto,
nikasema mengine nitayalipa nyumbani.

Usiku wa pili, Nizwa, damu ilimtoka puani
ikakataa kuganda.
Kumbe joto lilikuwa limeshapita ndani,
chumba kwa chumba,
likizima taa.
Ibtihal alinieleza kwa utaratibu, ini, figo, utumbo,
mimi nikisikia neno moja tu,
ambalo hakulitamka.

Nilimfundisha haya. Nilimfundisha njoo, na shika, na panda.
Sikumfundisha basi.
Nani angemfundisha basi mbwa anayeshinda?

Ameacha mtoto, jike, miezi mitano,
miguu mirefu kuliko akili.
Tunaanza alfajiri, kabla ya jua kuonyesha kucha.
Nasema basi. Ananiruka kifuani.
Nasema basi. Anakimbia kuzunguka pipa
mara tatu, anaanguka mwenyewe, anaamka amefurahi.
Musallam yuko mlangoni na kikombe cha kahawa:
mbwa wa mbio hafundishwi kusimama, anasema.

Simjibu.
Natazama ulimi.