Upande wa Kovu

Umri wake miaka thelathini na moja,
urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole.
Niliukuta umeota kwenye ufa wa tangi la maji
pale Kitovu, mwaka nilioanza uuguzi:
majani manne na kiburi.
Baba alicheka. Yeye aliyebambua magome ya mituba
na kuyaponda kwa nyundo ya mbao hadi yakawa nguo
aliniuliza, "Na huu, Nakitto, utamvika nani?
Panya?"

Nikaupunguza mizizi. Nikaufunga waya
niliouchomoa kwenye mota ya kinu kilichoungua.
Tawi la kushoto lililiwa na mbuzi wa Ssebowa;
pakabaki kovu, kama mdomo
uliosahau ulichotaka kusema.

Usiku wa Jumanne wakakata wavu.
Hawakugusa baiskeli, hawakugusa kuku,
wala jiko la gesi ambalo bado nalilipia.
Polisi wa Nyendo akaandika: mti mmoja, mdogo.
Thamani? Nikanyamaza.
Unazaa nini? Nikasema, hauzai cha kuliwa.
Akafunika kalamu yake.

Wiki ya tatu Nansikombi, binti wa dada yangu,
akaniletea simu jikoni, mikono yangu imejaa utomvu wa ndizi.
Ndio huo! Umesimama juu ya meza ya kioo,
nyuma yake pazia jekundu,
chini yake maneno: *Bonsai ya kale kutoka Japani.
Milioni nne. Bei haipungui. Tunaleta hadi mlangoni.*
Kutoka Japani,
mti uliolelewa kwa mavi ya kuku wangu.

Nikapiga. Nikajifanya mke wa tajiri wa Muyenga.
Sauti ilikuwa ya kijana;
nyuma yake jogoo, na mtoto anakohoa.
Nilikuwa nimeandaa laana mbili,
moja ya ukoo, moja ya zaburi.
Kabla sijachagua, akauliza:
"Mama, wewe unaijua miti hii?
Majani yanapukutika. Naumwagilia asubuhi, mchana, jioni.
Mteja wa jana ameukataa."

Ulimi ukanisaliti.
Wodini, anayeomba dawa hupewa kwanza,
jina lake huulizwa baadaye.
"Unauzamisha," nikasema. "Chomeka kidole.
Kikitoka na udongo, usimwagilie.
Utoe nje upate jua la asubuhi.
Na waya wa tawi la chini ulegeze, unaukaba."

"Umejuaje kwamba kuna waya?"

Jogoo akawika.
Simu ikakatika.

Siku ya pili tangazo halikuwepo.
Namba haipatikani.
Polisi wanasema wanafuatilia;
wanafuatilia wakiwa wamekaa.
Rafu yangu ina duara jeupe mahali pa chungu,
nami kila alfajiri nafika pale na kopo la maji
kabla ya akili kuamka.

Alhamisi iliyopita ikaingia picha, namba ngeni,
haina salamu, haina bei:
tawi la chini, waya hakuna,
vichipukizi viwili vyekundu kama ulimi wa paka.
Niliitazama hadi matoke yakaungua.

Nikaandika: *Geuza chungu.
Upande wa kovu utazame jua.*

Nikatuma. Nikakaa.
Kisha nikaongeza:
*Mwizi wewe.*