Jiwe la Sikio

Jiwe lenyewe ni dogo kuliko punje ya chumvi.
Nimelitoa kichwani mwa tafi mchanga
kwa sindano mbili na pumzi niliyoibana,
nikalilaza juu ya kioo, nikalisugua kwa msasa
hadi likafunguka chini ya hadubini
kama gogo lililokatwa: duara, duara, duara.

Kila siku duara moja.
Hapa katikati alianguliwa, macho hayajaona,
mdomo haujapasuka, akila masurufu
aliyofungiwa na mama asiyemjua.
Hapa masurufu yaliisha: duara jembamba mno.
Njaa.
Kisha mapana, mapana. Alipata kitu.
Wenzake, laki kwa laki, hawakuandika duara la tano.

Alikuwa maji ndani ya maji,
uti wa mgongo ukisomeka kupitia ubavu.
Zamani tulidhani anapeperushwa tu, kama unyoya.
Kumbe anaogelea, kutwa kucha, akiukata mkondo
kwa mwili mfupi kuliko kidole changu.
Na usiku husikiliza.

Binamu yangu Segundo Quinata hana haja na maduara.
Yeye ana kimia begani,
ana mwezi wa nne, na mwezi wa mbinguni uliobaki nusu ukififia.
Simu zimelia Malesso nzima: wameingia!
Maji magotini, risasi ya wavu kati ya meno,
anasema, "Wamerudi kwao."
Si kwao, namwambia. Huenda mama zao
hawajawahi kukiona kisiwa hiki.
Huenda wametoka miamba ambayo hata ramani zetu zinaibabaisha.
Anatema risasi.
"Basi mgeni njoo," anasema, "mwenyeji apone,"
na kimia kinafunguka hewani, kinashuka mviringo,
duara moja zaidi.

Pulan, bintiye dada yangu, alizaliwa Las Vegas.
Miaka tisa jangwani. Jina lake ni mwezi
kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha.
Alishuka uwanjani Guam na koti la baridi mkononi,
na tangu hapo hajasema mengi.
Nikamvika hedifoni, nikatosa kinasa sauti kando ya mtumbwi.
Akakunja uso.
"Kuna mtu anakaanga kitu."

Ni kamba, nikamwambia, wanaalika kucha zao.
Na wale wanaoguna ni samaki. Na ule mkwaruzo ni pono,
anatafuna jiwe.
Mwamba ulio hai hauna kimya.
Ule wa karibu na gati, uliopauka mwaka wa joto,
nao tukausikiliza.
Pulan alivua hedifoni, akaigonga, akavaa tena.
"Imeharibika?"
Haijaharibika.
Wachanga hupita pale gizani wasigeuke.

Husikia kwa jiwe hili hili.
Sijui niliseme vipi jambo hili katika ripoti:
jiwe analosikilizia
ndilo linalomwandikia siku zake.

Duara la thelathini na mbili ni jeusi.
Ndio usiku alioiacha bahari kuu
akavuka pale mawimbi yanapovunjika.
Kulipokucha rangi ilikuwa imeanza kumwingia
na utumbo kurefuka, ujifunze majani.
Baada ya hapo, kwa huyu, maduara mawili.
Kisha kimia.

Pulan anahesabu. Anapata thelathini na tatu.
Anarudia, anapata thelathini na tano.
Jicho bado kwenye hadubini, anauliza:
"Mimi nimefika lini?"
Siku kumi na moja zilizopita.
"Na yangu ni nyeusi?"

Nimejifanya natafuta kizibo cha spiriti.

Mezani kuna chupa aliyotuletea Segundo,
tafi wadogo wa chumvi, ndimu na pilipili.
Pulan anamtoa mmoja kwa mkia,
anamwinua kwenye mwanga, anamtazama jicho
muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.
Anaanza na kichwa.
Kitu kidogo kinalia kati ya meno yake.