Safu ya Mwisho

Nilichora mistari kwa rula ya mwanangu,
nyuma ya orodha ya wanaonidai na ninaowadai viazi:
Mahali. Bei. Chakula. Daktari. Lango.
Nilidhani kulinganisha ni kulinganisha,
kama gunia na gunia pale Uyole:
unainua, unanusa, unapapasa lumbesa,
unajua unaibiwa wapi.

Ya kwanza ni hapa hapa Mbeya, nyuma ya gereji za Mwanjelwa.
Laki mbili na nusu kwa mwezi, godoro uende nalo.
Msimamizi ana funguo kiunoni,
zinacheka kila anapopiga hatua.
Nikauliza, daktari?
Akasema dawa yao ni sala na kazi.
Nikauliza tena, daktari?
Akanionyesha jembe.
Kijana mmoja akapita na ndoo ya maji;
vifundo vya miguu yake vilikuwa na duara jeusi,
kama vya mbuzi aliyesahaulika kambani.
Hilo halikuwa na safu.

Ya pili ni Iringa, juu kule Kihesa penye mawe.
Kuna muuguzi, kuna mizani, kuna ratiba ukutani
na harufu ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi.
Bi Luvanda wa mapokezi akaniuliza yeye:
anatumia nini, tangu lini,
aliwahi kuacha kwa siku ngapi,
na usiku ule wa tatu, alipotetemeka, alikuwa na nani?
Nikasema, na mimi.
Akaandika. Hakuinua macho, akanisogezea kikombe cha chai.
Laki nne na nusu.
Nilipiga hesabu ndani ya basi mpaka Makambako:
viazi vyote vya Isyonje, na mbegu,
na bado tungebaki na deni la mwezi wa pili.

Ya tatu nilishukia Njombe, ukungu umekaa barabarani
kama mtu asiyetaka kupisha.
Wanaume kumi na mmoja, jiko moja,
wote walikuwa wavutaji, wote wameacha, au wanaacha.
Laki na nusu. Muuguzi hakuna;
hospitali ni nusu saa kwa bodaboda, mvua isiponyesha.
Ukuta nao hakuna. Uzio wa matete tu, ng'ombe angeupita.
"Mtu akitaka kutoroka je?"
"Anatoroka," alisema Osiah, akimenya viazi.
"Mimi nilitoroka mara mbili.
Mara ya pili nilirudi ugali haujapoa."

Usiku nilimsomea Ambakisye kando ya jiko la mkaa.
Mdogo wangu. Aliyeuza kichwa cha cherehani ya mama,
akauza mlango wa banda la kuku,
na mpaka leo sijui ni nani aliyenunua
mlango wa banda la kuku.
Alisikiliza akijikuna mikono.
Nilimwambia bei zote. Nilimwambia jembe.
Vile vifundo, nilivinyamazia.
Halafu akaomba penseli.

Akachora safu yake, bila rula,
imepinda kama njia ya maji,
akaandika juu yake kwa ule mwandiko mzuri
uliompatia zawadi darasa la sita:
Wanampokea mtu mara ya pili?

Asubuhi nikapiga simu.
Mwanjelwa walikata.
Iringa walisema ndiyo, ila malipo huanza upya,
na Bi Luvanda akaongeza, taratibu, "Pole, mama."
Njombe simu iliita, ikaita, ikakatika.
Nikarudia.
"Mara ya pili?" Osiah alikuwa akihema, ametoka kwenye kuni.
"Hata ya kwanza hajaja!
Haya, subiri nihesabu vitanda."

Tukamsikia akitembea, mbao zikilia chini yake,
akihesabu kwa sauti: nne, tano,
hiki kina mtu, sita.
Ambakisye akasogeza sikio lake kwenye simu,
bega lake kwenye bega langu.
Viazi vikaanza kuungua jikoni.
Hakuna aliyeinuka.