Theluthi ya Bawa

Oktoba, na Lethbridge nzima inataka matairi ya theluji.
Tangu asubuhi nafungua, nafunga, napiga balansi:
gurudumu linazunguka, mashine inaniambia
gramu ishirini hapa, gramu tano kule,
nami nagonga risasi kwenye rimu. Basi. Lingine lije.

Saa kumi na moja Dale Hrynkiw akashusha mlango wa chuma.
"Kombo, nikopeshe vidole vyako."

Mwanakombo lote linamshinda.
Hajui kwetu kombo ni kitu kilichopinda.

Vyake vimeanza kutetemeka tangu majira ya kuchipua.
Hasemi ni nini. Kikombe cha kahawa anakijaza nusu.

Ndege ameilaza juu ya rundo la matairi:
mbao nyepesi kama biskuti, karatasi ya rangi ya chungwa,
propela moja, harufu ya gundi ya miezi minane.
Chini ya bawa, alama mbili za penseli,
theluthi moja kutoka ukingo wa mbele.
"Ishike hapo. Ncha tu. Usiibane."

Nikaishika.
Mkia ukashuka polepole,
kama mgeni anayejifanya hataki kukaa.

"Mzito nyuma. Ikipaa hivyo itainua pua,
itasimama angani ikitafuta la kusema,
halafu chini. Haitakungoja ujifunze."
"Na ikiwa nzito mbele?"
"Hiyo huruka kama ng'ombe mwenye mimba,
lakini zizini inarudi."

Tukasukuma betri mbele mpaka ikagota.
Bado mkia.
Nikafungua droo yangu, nikatoa risasi za kubandika,
zile za rimu za alumini,
gramu tano ndani ya pua. Bado. Tano tena. Tano tena.
Dale hatazami ndege, anatazama mikono yangu.

Nami nimerudi kidato cha pili, Tanga,
Bi Ruzuna anahesabu mizani kwa rula juu ya dawati,
nane huku, nane huku,
na mstari wangu wa tatu una tisa upande mmoja.
"Guni hili. Linachechemea. Toa kitu."
Nilifuta neno nililolipenda kuliko yote.
Silikumbuki tena.
Nakumbuka ufutio ulivyotoboa karatasi.

"Sasa imezidi," akasema Dale. "Bandua, ikate nusu."
Nikakata kwa koleo.
Pua ikainama kidogo tu, kama mtu anayesoma gazeti.

Lakini bawa la kushoto linalala.
Akaligusa, akapapasa donge la gundi lililokauka.
"Hapo ndipo mkono ulipokataa."
Nikachomeka msumari mdogo kwenye ncha ya kulia,
tukanyamaza wote wawili.

Jumapili upepo ukasahau kazi yake. Hapa hilo ni ajabu.
Tukaenda shamba la kanola lililovunwa, nje ya Coalhurst,
nikaisukuma hewani kwa mkono wangu.
Dale ana rimoti. Mtetemo ukapita kwenye vijiti,
ukapanda, ukafika mabawani:
pepe, pepe, pepe,
kila kidole chake kikisomeka mpaka barabara kuu.
Akatoa neno ambalo sitaliandika.
Kisha akaviachia vijiti, akainua mikono
kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

Ikanyooka yenyewe, pasi mkono kugusa,
kama haijali mwewe, anga ikaipapasa,
juu ya nyasi na mawe, kivuli chaifuasa,
na mikono ya Dale juu, bado inatetemeka.

Huo wa nne ni guni. Vina vimekatika,
mizani imezidi moja.
Bi Ruzuna angekuja na rula.

Siitoi.