Neno Halipo

Isevya, umeme umerudi saa nane usiku.
Milembe anafungua kompyuta yenye ufa,
anakuta ujumbe wa mchezaji wa Urambo:
"Nimeunga herufi tisa, MATOBOLWA,
mchezo wako ukaniambia neno halipo.
Halipo vipi, nami ninalitafuna?"

Anacheka peke yake. Kisha hacheki.
Orodha aliichota kwenye kamusi kuukuu,
kamusi isiyowahi kupita Tabora msimu wa viazi.

Analiandika. Analijaribu. Linakubali.
Msimbo wake hauna komeo, tangu mwanzo:
achukuaye achukue, aongezaye aongeze.

Asubuhi, pato la matangazo: shilingi mia nne na kumi.
Na mtu asiyemjua,
bila hata kupiga hodi,
ameweka chini ya neno lake
jingine:
michembe.